Reliability Monitor: ninachofungua kwanza programu zikianza kufa baada ya sasisho

Windows ina chombo kilichomo ndani yake tangu Vista ya mwaka 2007, na watu wengi wanaoshinda mbele ya kompyuta hawajawahi kukifungua. Kinaitwa Reliability Monitor. Hakinunuliwi wala hakipakuliwi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter, hicho hapo. Naitaja amri hiyo kabla ya njia nyingine kwa sababu inafanya kazi hata kama menyu zako ziko kwa Kiswahili, na huhitaji kujua Control Panel imefichwa wapi katika toleo ulilo nalo.

Nakipima kwa kazi moja tu: programu ilikuwa nzima, mfumo ukajisasisha, sasa inajifunga yenyewe. Mimi hupanga kurasa za vitabu, na ofisini ndimi ninayeitwa mashine ya mtu inapogoma. "Dada, ile programu imekufa tena." Anayeniita huwa ameshaamua la kufanya: aiondoe programu na kuisakinisha upya, au aliondoe sasisho. Namwomba asiguse kitu kwanza. Ukisakinisha upya unaweza kupoteza mipangilio, leseni na fonti, na tatizo likabaki palepale kwa kuwa halikuwa ndani ya programu. Ukiondoa sasisho, unafungua matundu ya usalama yaliyokuwa yamezibwa. Kinachotakiwa kabla ya yote ni tarehe na jina: ilianza lini, na ni faili gani lilikuwa kazini programu ilipokufa. Reliability Monitor inakupa yote mawili mahali pamoja kwa dakika chache, na ndiyo sababu naisifu bila kusita.

Dirisha lake limepangwa kwa siku, kila siku na safu wima yake. Juu kuna mstari wa buluu unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10. Chini yake ziko alama: duara jekundu lenye X kwa programu iliyokufa au iliyoganda, pembetatu ya njano kwa onyo, na duara la buluu lenye herufi i kwa habari za kawaida, ambamo masasisho na usakinishaji huandikwa. Ukibofya siku, yaliyotokea siku hiyo yanajipanga chini. Kuna pia mtazamo wa wiki, ila kwa kazi hii hauna faida.

Ule mstari wa buluu siushughulikii. Unashuka programu ikifa na kupanda polepole mambo yakitulia, lakini haukwambii kama kilichokufa ni kikokotoo au kazi yako ya mwezi mzima. Macho yangu huenda kwenye alama nyekundu ya kwanza kabisa ya programu husika, halafu natembea kushoto, siku moja baada ya nyingine, nikitafuta ya buluu iliyoitangulia. Nasisitiza ya kwanza, maana kila mtu hubofya ya leo. Mtu anaweza kuapa kwamba tatizo limeanza asubuhi, kumbe programu imekuwa ikifa siku kadhaa wakati wa kufungwa, kazi ikiwa imeshahifadhiwa, na hakuona hasara yoyote ya kumshtua.

Hapo ndipo panataka utulivu, kwa sababu alama za buluu ni nyingi na nyingi hazina hatia. Antivirusi ya Windows yenyewe hupokea orodha mpya ya virusi karibu kila siku, na kila mara huandikwa kuwa ni sasisho lililofanikiwa, kwa namba ileile ya KB2267602 (KB ni namba ambayo Microsoft huipa sasisho). Programu ndogo za Microsoft Store nazo huingia humo humo. Asiyejua akiona buluu na nyekundu katika siku moja atasema amemkamata mhalifu. Hizo ziruke. Tafuta yanayogusa mfumo: sasisho la jumla la mwezi, ambalo jina lake huwa na neno Cumulative, sasisho la .NET (msingi wa Microsoft ambao programu nyingi huandikiwa juu yake), na zaidi ya yote draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa kama kadi ya picha. Windows Update huleta draiva pia, na mtu aliyebofya kitufe kimoja cha kusasisha hana habari kwamba draiva ya kadi ya picha imebadilishwa katika msafara huohuo. Angalia vilevile kama programu yenyewe ilijisasisha siku hiyo. Nyingi hufanya hivyo kimyakimya, na lawama zote zikaangukia mfumo.

Tarehe nayo ina mtego wake. Microsoft hutoa sasisho la usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, lakini mafaili mengi mapya ya mfumo huanza kutumika baada ya kompyuta kuwashwa upya. Mtu anayeiacha kompyuta yake ilale kila jioni bila kuizima anaweza kukaa siku nyingi na sasisho linalongoja mlangoni, kisha umeme ukakatika, mashine ikawaka upya, na programu ikaanza kufa siku hiyo. Atalaumu umeme. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayeniita ni hili: uliiwasha upya lini mara ya mwisho?

Tuje sasa kwenye jina. Kando ya kila tukio jekundu kuna kiungo cha maelezo ya kiufundi. Ukikibofya unapata maandishi mafupi: jina la programu, toleo lake, mstari ulioandikwa Fault Module Name, toleo la moduli hiyo, na mstari wa Exception Code, yaani namba ya aina ya kosa. Mstari wa moduli ndio roho ya chombo hiki. Programu kubwa haifanyi kazi peke yake. Inabeba ndani yake mafaili mengi ya DLL, yaani vipande vya programu vinavyoweza kutumiwa na programu nyingi, mengine yake, mengine ya Windows, mengine ya draiva, na mengine yameingia bila yenyewe kuyaita. Mstari huo unataja lililokuwa likitekeleza amri wakati ule programu ilipokata roho.

Nitoe mfano wa kwangu. Programu ninayopangia kurasa ilianza kujifunga kila nilipotoa PDF. Kufungua faili sawa, kuandika sawa, ila nikifika kwenye dirisha la kuhifadhi PDF, linatokea nusu sekunde, kisha kila kitu kinatoweka. Historia ilionyesha sasisho la jumla la mfumo, kompyuta kuwashwa upya, kisha nyekundu mfululizo. Kwa ushahidi wa tarehe pekee ningesema sasisho limeiharibu programu. Lakini moduli iliyotajwa haikuwa ya programu wala ya Windows. Ilikuwa DLL ya kamusi ibukizi, ile aina ambayo ukiweka kipanya juu ya neno lolote inakuonyesha maana yake. Ili iweze kusoma maneno ndani ya kila dirisha, kamusi hiyo hujiingiza ndani ya kila programu inayofunguliwa na kunasa baadhi ya kazi za mfumo katika hatua zake za mwanzo kabisa. Sasisho linapobadilisha mpangilio wa ndani wa kazi hizo, mnasaji anabaki na ramani ya zamani, kama mtu aliyezoea kukaa gizani kwenye kiti kilekile, na kiti kimesogezwa. Anaanguka yeye, na programu aliyokuwa ndani yake inaanguka naye.

Niliifunga kamusi, nikaizuia isijiwashe kwenye kichupo cha Startup cha Task Manager, nikawasha upya kompyuta. PDF ikatoka. Niliporudisha kamusi, programu ikafa tena palepale. Hicho ndicho nakiita uthibitisho. Toleo jipya la kamusi lilipotoka nililipima kwa jambo moja, namba ya toleo la moduli, ambayo ripoti ya zamani ilikuwa imenihifadhia.

Wanaojiingiza hivyo ni wengi kuliko unavyodhani: vinasa skrini, vionyeshi vya kasi ya michezo, vidhibiti vya dirisha, baadhi ya antivirusi, programu-jalizi za menyu ya kubofya kulia. Hao wa mwisho ni wasumbufu kwa namna yao, kwa kuwa dirisha la Fungua au Hifadhi katika programu yoyote linaweza kuwaita waingie. Ndiyo maana programu inaweza kuwa nzima siku nzima na kufia kwenye dirisha la kuhifadhi faili. Ukiona dalili hiyo, hata kabla ya kusoma moduli, washuku hao.

Moduli ikiwa ni ya draiva ya kadi ya picha, kazi ni nyepesi zaidi. Katika Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, kuna kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia, na kwa tovuti ya mtengenezaji wa kadi mara nyingi unapata toleo jipya zaidi kuliko lile Windows Update ililoleta. Kwa kesi hizi Reliability Monitor ina zawadi nyingine ambayo wengi huipita: matukio yanayoitwa Hardware error yenye jina LiveKernelEvent. Jina linatisha, mtu akafikiri kompyuta imeungua. Namba 141 na 117 maana yake kadi ya picha ilichelewa kujibu na mfumo ukalazimika kuiamsha upya. Kwa kawaida Windows huipa sekunde 2 tu. Ukikuta tukio kama hilo dakika ileile na kifo cha programu yako, achana na programu, shughulikia draiva. Inaweza pia kuwa kadi yenyewe ina kasoro, lakini kama yote yameanza baada ya sasisho, draiva ndiyo ya kuanza nayo.

Sasa kuna majina mawili ambayo yatakutokea mara kwa mara na hayafai kuhukumiwa haraka: ntdll.dll na KERNELBASE.dll. Haya ni mafaili ya msingi ya Windows, na karibu kila programu hupita humo kila wakati. Kukuta kifo kimetokea humo hakuthibitishi kwamba ndimo kilimosababishwa. Nimesikia watu wakishauriana wapakue ntdll.dll kutoka tovuti za mafaili ya DLL na kuibandika juu ya ile ya mfumo. Nawasihi wasifanye. Faili la msingi la toleo jingine linaweza kuizuia Windows isiwake kabisa, na tovuti hizo hujui zimekuwekea nini ndani.

Moduli ikiwa mojawapo ya hizo mbili, sogea kwenye Exception Code. c0000005 ni programu iliyogusa eneo la kumbukumbu lisilo lake. Ni ya kawaida sana na peke yake haikufikishi mbali. c0000374 ni kumbukumbu iliyovurugwa, na hapa kuna jambo la kuelewa: aliyeivuruga anaweza kuwa ameshaondoka, na aliyekufa ni aliyekuja kuitumia baadaye, kwa hiyo moduli inayotajwa mara nyingi ni shahidi tu. e0434352 ndiyo ninayofurahi kuiona. Hiyo ni ya programu zilizoandikwa kwa .NET, na ukiiona ujue kuna maelezo mazuri zaidi yanakungoja katika Event Viewer, daftari la Windows la matukio, kwenye sehemu ya Application, tukio namba 1026. Humo sababu imeandikwa kwa maneno, kwa mfano kwamba faili fulani halikupatikana, na jina la faili lipo.

Na hapo nimefika kwenye udhaifu mkubwa wa chombo hiki. Kinakutajia jina la moduli lakini hakikwambii inakaa folda gani. Njia ya programu ipo, ya moduli haipo. Kama jina la DLL halijulikani, yaani herufi chache zisizo na maana kwa mtu wa kawaida, unabaki unajiuliza ni ya nani. Inabidi ufungue Event Viewer, utafute tukio namba 1000 la dakika ileile, na humo kuna mstari wa Faulting module path. Folda ikijulikana, mwenye faili anajulikana. Ni mstari mmoja tu, na taarifa hiyo Windows tayari inayo. Sielewi kwa nini mtumiaji azungushwe madirisha mawili kuupata. Event Viewer yenyewe siwezi kumshauri mtu aanze nayo. Imejaa alama nyekundu za makosa ambazo nyingi hazina madhara yoyote, na anayeingia humo bila saa na dakika mkononi hutoka na hofu na hana jibu. Reliability Monitor inampa hiyo saa na dakika. Vitumike kwa mpangilio huo.

Kitufe cha kutafuta suluhisho la matatizo yote, kilichopo chini ya dirisha katika baadhi ya matoleo, sikitegemei. Kusoma mistari yako mwenyewe kuna faida zaidi.

Ukishasoma, ufanye nini? Kama ni programu moja na moduli ni ya mgeni aliyejiingiza, mfunge au msasishe mgeni. Kama ni programu moja na moduli ni yake yenyewe, tafuta toleo jipya la programu, kwa sababu waliolitengeneza huenda wameshapata ripoti kama yako. Kama ni programu nyingi zisizohusiana, zote zimeanza siku moja na zote zinafia ndani ya mafaili ya Windows, hapo ndipo amri za kukarabati mfumo zina nafasi: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, kisha sfc /scannow. Naona watu wakizipendekeza kwa kila ugonjwa. Zinakarabati mafaili ya Windows yaliyoharibika. Kamusi yangu ibukizi zisingeigusa.

Kuondoa sasisho ninakuweka mwisho kabisa, na nina sababu. Tangu Windows 10, masasisho ya mwezi ni ya jumla, yamefungwa pamoja. Huwezi kuchomoa kipande kinachokusumbua na kuacha vingine. Ukiliondoa, marekebisho yote ya usalama ya mwezi huo yanaondoka nalo. Ila angalia kwanza historia ya masasisho: kama lililoingia ni la Preview, yale ya hiari yanayotoka mwishoni mwa mwezi, hilo si la usalama na kuliondoa hakuna gharama hiyo. Kama ulipanda toleo zima jipya la Windows, una siku 10 kwa kawaida za kurudi nyuma kabla mafaili ya zamani hayajafutwa, kwa hiyo uchunguzi wako usichukue wiki tatu. Na ukiondoa sasisho, simamisha masasisho kwa muda, la sivyo litarudi lenyewe ukilala.

Kuna pia utaratibu wa Microsoft unaoitwa Known Issue Rollback, unaozima badiliko moja lenye kasoro katika mashine za watu bila kuondoa sasisho lote, kwa marekebisho yasiyo ya usalama. Ukiona programu imepona yenyewe baada ya kuwasha upya na hukufanya kitu, hiyo inaweza kuwa sababu. Ndiyo maana, kama kazi inaweza kungoja siku moja au mbili, kungoja nako ni hatua halali ya uchunguzi.

Hali moja inakishinda chombo hiki kabisa: programu inapotoweka na historia haina alama nyekundu. Maana yake kwa kawaida ni kwamba haikufa kwa mujibu wa Windows; ilijifunga yenyewe kwa hiari baada ya kukosa kitu ilichohitaji, au ililazimishwa kufungwa na programu nyingine, na antivirusi huwa ya kwanza kuulizwa. Soma historia ya antivirusi yako, uone kama imezuia faili. Ikiwa safi, hapo ninahamia Process Monitor ya Sysinternals, seti ya vyombo vya Microsoft, inayorekodi kila faili na kila ufunguo wa rejista (ghala la mipangilio ya Windows) ambao programu inagusa. Ni chombo cha nguvu na cha bure, lakini kwa sekunde chache tu kinakumwagia maelfu ya mistari, na si cha kumpa mtu anayetaka tu kumaliza barua yake.

Kwa anayeandika kwa watengenezaji wa programu kuomba msaada: nakili maandishi yote ya maelezo ya kiufundi, ongeza namba ya KB ya sasisho lililotangulia na kitendo kamili kilichoiua programu, kwa mfano "nikibofya Hifadhi". Usitume picha ya skrini ya mstari wa buluu. Historia nzima inaweza pia kuhifadhiwa kama faili la XML kwa kiungo kilicho chini ya dirisha, ila kumbuka humo mna orodha ya programu zako na masasisho yako, kwa hiyo itume tu kwa mtu unayemwamini.

Nakipa 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa ajili ya folda ya moduli isiyoonyeshwa na zile alama za buluu za orodha za virusi, ambazo zingepaswa kuwa na rangi yake au kitufe cha kuzificha.